Jinsi ya Kupima Simu Janja ya Bei Nafuu Kabla Hujatoa Hela

Simu ya tachi ya kati ya shilingi 250,000 na 450,000 za Tanzania, au shilingi 12,000 na 22,000 za Kenya, ndiyo ofisi ya watu wengi. Oda za wateja huingia humo, malipo hupokelewa humo, ankara hutumwa kutoka humo, na jioni mpira au tamthilia hutazamwa kwenye kioo hichohicho. Kwa bei hii hakuna simu isiyo na kasoro. Kila mtengenezaji amebana matumizi mahali fulani ili bei ishuke. Kazi yako ni kugundua amebana wapi, kisha uamue kama pataathiri kazi yako au la. Boksi halitakuambia, na muuzaji naye mara nyingi atakusomea boksi.

Vipimo vilivyo hapa vinachukua zaidi ya saa moja mbele ya kaunta. Havihitaji kufungua simu, na vinafaa kwa simu mpya na iliyotumika.

Kabla ya kutoka nyumbani

Andika kazi tatu ambazo simu hiyo itafanya kila siku. Usiandike "matumizi ya kawaida", andika kazi yenyewe. Anayeuza nguo kupitia WhatsApp na Instagram anahitaji kamera ya nyuma isiyogeuza rangi ya kitambaa, na hifadhi kubwa ya picha. Dereva wa bodaboda anayepokea wateja kwa programu anahitaji GPS inayokamata haraka, kioo kinachosomeka juani na betri ya kutwa. Anayejaza fomu na kutunza hesabu kwenye jedwali anahitaji RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoshika programu zilizo wazi, kuliko kitu kingine chochote. Ukienda bila orodha hii utanunua kamera, kwa sababu kamera ndiyo inayotangazwa zaidi.

Beba vitu hivi:

- laini yako (au zote mbili kama unatumia mbili) yenye salio na bando;
- memori kadi yako, na flashi yenye waya wa OTG (wa kuunganisha flashi na simu) kama unatumia mafaili ya kompyuta;
- hedifoni za waya;
- chaja unayoiamini;
- karatasi moja ya A4 yenye maandishi madogo na mhuri.

Nenda mchana, kwa kuwa taa za duka huficha udhaifu wa kioo. Mwambie muuzaji mapema kwamba utaiwasha na kuijaribu kabla ya kulipa. Akikataa, usibishane naye. Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo, au Luthuli Avenue jijini Nairobi, maduka ya simu yamepakana ukuta kwa ukuta, na anayekubali hayuko mbali.

Hatua ya 1: Hakikisha simu ni ile inayodai kuwa

Piga *#06#. Zitatokea namba mbili za IMEI (kitambulisho cha kipekee cha simu) kwa simu ya laini mbili, kila moja ikiwa na tarakimu 15. Zilinganishe na zilizoandikwa kwenye boksi, tarakimu kwa tarakimu. Tanzania, tuma namba hiyo kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, na jibu litakutajia aina ya simu. Kenya hutumwa 1555. Jibu likitaja modeli tofauti na iliyo mkononi mwako, au likasema haitambuliki, mrudishie mwenye duka. Tanzania ilizima simu zenye IMEI bandia mwezi Juni 2016, na waliokuwa nazo walibaki na kioo kisichopiga simu.

Kisha fungua Play Store, gusa picha ya akaunti yako, ingia kwenye mipangilio, halafu sehemu inayoeleza kuhusu programu hiyo. Chini kabisa utaona kama kifaa kimeidhinishwa na Play Protect, ukaguzi wa usalama wa Google. Simu isiyoidhinishwa mara nyingi ni feki, au mfumo wake umechezewa, na programu nyingi za benki zitakataa kufanya kazi juu yake.

Ukiwa bado kwenye mipangilio, ingia "Kuhusu simu" utazame toleo la Android na tarehe ya sasisho la usalama. Simu mpya yenye sasisho la zaidi ya mwaka mmoja nyuma imekaa sana stoo, au mtengenezaji ameshaitelekeza. Uliza modeli hiyo imeahidiwa masasisho ya miaka mingapi. Tofauti ni kubwa: Samsung iliahidi miaka 6 kwa Galaxy A16 iliyotoka mwaka 2024, huku simu nyingine za bei hiyohiyo zikipata miaka miwili au pungufu. Anayetunza pesa kwenye simu asilichukulie jambo hili kama pambo.

Hatua ya 2: RAM, hifadhi na prosesa

Kaa hapa muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Simu ya bei nafuu huzeeka kupitia hivi vitu vitatu, wala havibadilishiki ukishanunua. Protekta utaweka nyingine, betri fundi atabadili, lakini RAM utakufa nayo.

Ukiona "8GB RAM" kwenye simu ya shilingi 300,000, soma maandishi madogo. Karibu kila mara ni 4+4. Nne za kwanza ndizo RAM. Nne za pili ni kipande cha hifadhi kilichokopwa kisaidie kazi ya RAM. Hifadhi ni ya polepole mno ikilinganishwa na RAM, kwa hiyo kipande hicho husaidia kidogo kutunza programu iliyolala, lakini hakiongezi wepesi, na kinakula nafasi ya picha zako. Simu za Samsung hukiita RAM Plus, wengine wana majina yao. Wewe hesabu RAM halisi tu. Kwa kazi na burudani kwa pamoja usishuke chini ya GB 4 halisi. GB 3 zinatosha WhatsApp, kupiga simu na kusikiliza redio. Ukipata GB 6 ndani ya bajeti, zichukue hata kama kamera ni hafifu kidogo.

Pima hivi. Fungua kwa mfuatano: kivinjari chenye kurasa tatu, WhatsApp, jedwali la Sheets, Google Maps, YouTube, kisha kamera upige picha moja. Sasa rudi kwenye kivinjari. Ukurasa ukitokea ulivyouacha, RAM inatosha. Ukianza kupakia upya kutoka mwanzo, simu imeua programu ili kutafuta nafasi. Dukani ni usumbufu mdogo, ila kazini ni balaa: unajaza fomu ndefu ya serikali, unatoka kwenda kusoma namba ya uthibitisho kwenye ujumbe, unarudi unakuta fomu ni tupu. Rudia jaribio mara mbili, maana mara ya kwanza simu mpya huwa inaendelea kusasisha programu zake kwa nyuma.

Angalia pia kama mfumo ni Android Go. Ni toleo jepesi kwa simu zenye RAM ndogo, na si jambo baya, ila simu nyingi za aina hiyo haziruhusu kugawa kioo mara mbili ili utazame ujumbe huku unaandika kwenye jedwali. Kama unaihitaji huduma hiyo, ijaribu palepale.

Hifadhi: ingia "Mipangilio" kisha "Hifadhi", usome nafasi iliyobaki kabla hujaweka kitu. Simu ya GB 64 hubakiza takriban GB 45 baada ya mfumo kuchukua chake. Ya GB 32 hubakiza kama 18, na magrupu matatu ya WhatsApp yanayotuma video yataimaliza kabla ya mwaka kuisha. Hapo ndipo watu husema "simu imechoka". Haijachoka, imejaa. Chipu ya hifadhi haiwezi kuandika juu ya data ya zamani bila kwanza kufuta sehemu nzima, na ikikosa nafasi huru hulazimika kuhamisha vitu huku na huko kwanza, kwa hiyo kila unachogusa kinachelewa. Acha wazi angalau asilimia 15 siku zote, na kama uko karibu kujaza, zima RAM ya kukopa.

Aina ya hifadhi nayo ina maana. Simu nyingi za bei hii hutumia eMMC 5.1, chache hutumia UFS 2.2. Pakua programu ya kupima kama A1 SD Bench. eMMC kwa kawaida husoma chini ya MB 350 kwa sekunde, UFS 2.2 huvuka 500. Utaihisi tofauti hiyo kila unapofungua programu nzito na kila simu inapowaka.

Prosesa sasa, yaani ubongo wa simu. Boksi litasema "viini nane" kana kwamba nane ni nane. Prosesa za Helio G25, G35, G36 na G37 zote zina viini nane vya Cortex-A53, muundo ambao kampuni ya ARM iliutangaza mwaka 2012. Unisoc T606 na Helio G85 zina viini viwili vya A75 vyenye nguvu na sita vidogo vya A55. Helio G99 ina viwili vya A76, tena imetengenezwa kwa nanomita 6, kwa hiyo inakula chaji kidogo kwa kazi ileile. Kati ya simu mbili za bei moja, moja ina G36 na kamera ya megapikseli 50, nyingine ina T606 na kamera ya megapikseli 13, anayefanya kazi achukue ya pili bila kusita. Programu ya CPU-Z itakuonyesha majina ya viini na RAM halisi kwa dakika moja.

Tahadhari moja: simu feki huchezewa mfumo hadi CPU-Z nayo inadanganyika. Ukiwa na shaka kuhusu hifadhi, nakili mafaili mengi makubwa kutoka kwenye flashi, kisha fungua la mwisho kabisa. Hifadhi ya uongo hupokea kila kitu, halafu mafaili ya mwisho hayafunguki. Ni hivyohivyo kwa memori kadi zinazouzwa "1TB" kwa bei ya chakula cha mchana.

Memori kadi halali nayo ina mtego wake. Ikiwa imepangwa kwa FAT32 haitapokea faili moja linalozidi GB 4, hivyo filamu ndefu ya ubora wa juu itakataa kuingia wakati nafasi ipo. Ipange upya kwa exFAT ukiwa na kompyuta, baada ya kutoa vilivyomo. Hakikisha pia tundu la simu linabeba laini mbili na kadi kwa pamoja. Baadhi ya simu hukulazimisha uchague laini ya pili au kadi.

Hatua ya 3: Kioo na tachi

Ondoa protekta ya plastiki inayokuja na simu, au angalau ujue ipo, kwa sababu protekta nene hupunguza usikivu wa tachi.

Tafuta picha nyeupe tupu ijaze kioo kizima, kisha nyeusi, nyekundu, kijani na bluu. Kwenye nyeupe utaona madoa na rangi ya njano pembeni. Kwenye nyeusi, ndani ya kivuli, utaona mwanga unaovuja kwenye kingo. Nukta moja inayowaka haimzuii mtu kufanya kazi, ila ni sababu ya kuomba simu nyingine ya boksi jipya.

Halafu ongeza mwanga hadi mwisho, uende mlangoni penye jua, ufungue ramani. Vioo vya LCD vya bei hii kwa kawaida vina mwanga wa niti (kipimo cha mng'ao) 400 hadi 500, ambao ndani ya duka unapendeza na saa saba mchana barabarani unafifia. Kama kazi yako ni ya barabarani, hiki ndicho kipimo kinachoamua. AMOLED, aina nyingine ya kioo, hushika weusi vizuri na kwa kawaida hung'aa zaidi nje, ila kubadilisha kikivunjika ni ghali. Muulize fundi bei ya kioo cha modeli hiyo kabla ya kununua. Kuna simu ambazo kioo chake kinakaribia nusu ya bei ya simu nzima.

Kuhusu ubora wa picha: HD+ ya 720 kwa 1600 kwenye kioo cha inchi 6.6 hutoa takriban nukta 266 kwa inchi. Full HD+ ya 1080 kwa 2400 hutoa karibu 400. Kwa video tofauti si kubwa. Kwa jedwali lenye tarakimu ndogo au PDF ya mkataba, Full HD+ inaokoa macho. Lakini prosesa dhaifu ikisukuma Full HD+ inakwama zaidi, kwa hiyo simu yenye G36 ni heri iwe HD+.

Tachi ipimwe kwa njia tatu. Kwanza, shika aikoni ya programu yoyote, bila kuinua kidole iburute polepole mistari kwa mistari hadi kioo kizima kiishe, kingo na pembe zikiwemo. Ikidondoka mahali palepale kila mara, hapo tachi imekufa. Pili, nenda "Kuhusu simu", gusa nambari ya muundo mara saba ili kufungua chaguo za wasanidi programu, kisha washa chaguo linaloonyesha mahali kidole kilipo. Juu ya kioo itatokea idadi ya vidole vinavyosomwa. Weka vitano kwa pamoja. Simu inayosoma viwili tu itakusumbua kwenye michezo.

Tatu, na hili wengi hulisahau: rudia jaribio la aikoni simu ikiwa kwenye chaji. Tachi hufanya kazi kwa kupima badiliko dogo mno la umeme pale kidole kinapogusa. Chaja mbovu hupitisha kelele za umeme hadi kwenye kioo, na simu huanza kujibonyeza yenyewe au kupoteza kidole. Ikitokea, badilisha chaja kwanza. Ikitulia na chaja yako, simu ni nzima na chaja ya boksi ndiyo mbaya. Ikiendelea na chaja zote mbili, usiichukue.

Samsung nyingi hufungua ukurasa wa vipimo ukipiga *#0*#, na Xiaomi kwa *#*#6484#*#*. Vinaokoa muda, lakini jaribio la chaji fanya kwa mkono.

Hatua ya 4: Mtandao, simu na vihisi

Weka laini yako, subiri alama ya 4G, kisha piga menyu ya pesa unayotumia kila siku, kwa mfano, Tanzania, *150*00# ya M-Pesa au *150*60# ya Airtel Money. Menyu ifunguke na ikubali kuandikwa bila kukatika. Hamishia laini kwenye tundu la pili urudie.

Sasa piga simu huku data imewashwa, na uangalie alama ya juu. Ikishuka kutoka 4G kwenda H au E (3G au 2G) wakati wa maongezi, simu hiyo haifanyi VoLTE (maongezi kupitia 4G) na mtandao wako, na kompyuta uliyoiunganisha kwa hotspot itakatika kila mteja anapopiga. Anayefanyia kazi nyumbani kwa hotspot alipime hili kwa makini.

Simu zilizoletwa kutoka Marekani zikiwa zimetengenezwa kwa ajili ya mtandao mmoja wa kule zina tatizo la namna nyingine. Baadhi hazina masafa ya MHz 800 wala 700 yanayotumika huku. Mjini kati zitashika 4G ya 1800, ukitoka nje ya mji zinaangukia 3G. Uliza orodha ya bendi, yaani namba za masafa hayo: 3 (1800), 20 (800) na 28 (700) ndizo za kutafuta. Na kama simu bado imefungwa kwa mtandao wa kule, laini yako haitasoma kabisa.

Wi-Fi: angalia kama inaona mtandao wa 5 GHz. Zisizoona hutegemea 2.4 GHz pekee, ambayo kwenye jengo lenye ofisi nyingi hujaa.

GPS ipimwe nje ya duka. Mara ya kwanza ipe dakika moja hadi mbili, kisha tembea hatua kama hamsini uone kama alama inakufuata. Washa pia dira. Simu nyingi za bei ya chini hazina kihisi cha sumaku, na bila hicho ramani haijui umeelekea upande gani, wala programu ya kibla haitakuonyesha upande sahihi hata ikiwa na mshale mzuri. Jairosikopu pia hukosekana mara nyingi: wanaolenga kwa kuzungusha simu kwenye michezo ya kupiga risasi hawataweza.

Hatua ya 5: Kamera na sauti

Ziba lenzi za nyuma moja moja kwa kidole huku kamera imewashwa na kubadilisha aina za picha. Kwenye simu nyingi zenye "kamera tatu" utagundua moja tu ndiyo inayofanya kazi, nyingine ni kijicho cha kupima mwanga au pambo tupu. Megapikseli 50 nazo huunganishwa nne nne, hivyo picha inayotoka kwa kawaida ni ya 12.5. Si udanganyifu, ndivyo inavyopata mwanga wa kutosha, ila usiilipie kama 50.

Piga picha karatasi yako ya A4 ndani ya duka, kisha vuta maandishi madogo na mhuri. Lazima visomeke hadi pembeni. Piga pia nguo ya rangi ya zambarau au nyekundu iliyoiva, rangi ambazo kamera dhaifu huzikosea, na ulinganishe na nguo yenyewe. Rekodi video ya nusu dakika ukitembea, uone mtikisiko. Kamera ya mbele ijaribu ukiwa umeupa mgongo mlango wenye mwanga. Uso ukiwa kivuli cheusi, mikutano ya video itakutaka ugeuze kiti.

Kwa sauti, rekodi ujumbe wa sauti wa WhatsApp simu ikiwa mbali kama urefu wa mkono, usikilize. Pandisha spika hadi mwisho kwa wimbo wenye besi: ikikwaruza leo, baada ya miezi sita itapasuka. Chomeka hedifoni. Kwenye simu nyingi redio ya FM haishiki bila waya huo kwa sababu ndio antena yake.

Hatua ya 6: Burudani

Pakua programu ya DRM Info uangalie kiwango cha Widevine, mfumo wa Google wa kulinda video za kulipia. L1 huruhusu Netflix na huduma kama hizo kuonyesha ubora wa HD. L3 hukufungia kwenye ubora wa chini, karibu 480p, hata kioo kikiwa Full HD+. YouTube haiathiriki kwa video za kawaida. Kama hulipii huduma hizo, ruka kipimo hiki.

Kwa mpira wa moja kwa moja kinachokula ni bando. Saa moja ya video ya 480p hula takriban MB 300 hadi 500. Ya 1080p hula GB 1.5 hadi 3. Kwenye kioo cha HD+ hakuna faida ya kuchagua 1080p.

Mchezo upimwe kwa dakika 20 mfululizo, kwa sababu dakika tano za mwanzo kila simu ni nzuri. Prosesa ikipata joto, mfumo huipunguza kasi ili isiungue, na ndipo mchezo huanza kuganda. Gusa mgongo wa simu karibu na kamera: vuguvugu ni kawaida, ila ukishindwa kushikilia kidole hapo, usitarajie michezo mizito. Kumbuka pia duka lina feni au kiyoyozi, na kwako huenda hakuna.

Hatua ya 7: Betri na chaji

Betri ya mAh 5000 (milliampea-saa) ndiyo kiwango cha kawaida sasa, na namba hiyo peke yake haisemi mengi. Cheza video nusu saa, mwanga nusu, kwa Wi-Fi. Simu mpya ishuke asilimia 3 hadi 5. Ikishuka 8 au zaidi, betri imechoka au imeandikwa namba ya uongo.

Kuchaji: simu ikiwa kati ya asilimia 20 na 60, iache kwenye chaja kwa dakika 15 bila kuigusa. Kwa chaja ya wati 10, yaani volti 5 kwa ampea 2, tarajia kupanda kama asilimia 10. Kwa wati 18, kama 20. Iliyoandikwa wati 18 ikipanda 10 tu, jaribu waya mwingine kabla ya kulaumu simu. Waya mwembamba hupoteza umeme njiani. Tundu liwe USB-C. Bado zipo simu mpya zenye tundu la zamani la micro USB, ambalo hulegea mapema. Ukiwa umechomeka, tikisa waya kidogo: chaji isikatike.

Ikiwa simu imetumika

Fanya yote ya juu, kisha hili kabla ya kulipa. Mwenye simu aondoe akaunti yake ya Google kwa mkono wake kwenye mipangilio, halafu aifute simu kupitia mipangilio hiyohiyo, sio kwa vitufe vya pembeni. Iwashe upya, iunganishe na intaneti, uisubiri hadi ifike kwenye ukurasa wa mwanzo. Tangu Android 5.1 mfumo hukumbuka akaunti ya mwisho: simu iliyofutwa kwa vitufe itadai nywila ya mwenye nayo, na asipokuwepo, umenunua kioo.

Soma kwa makini kila ujumbe wakati wa kuiwasha. Ukiona maandishi kwamba kifaa kinasimamiwa na kampuni fulani, kuna uwezekano ni simu ya mkopo ambao haujamalizika, na aliyekopesha anaweza kuifunga kwa mbali siku yoyote. Kuiflashi kwa fundi hakuondoi deni, na mara nyingi kufuli hurudi simu ikipata intaneti.

Risiti, kisha wiki ya kwanza

Dai risiti ya kodi, ya EFD kwa Tanzania au ya eTIMS kwa Kenya, na IMEI iandikwe juu yake au kwenye kadi ya waranti yenye mhuri wa duka. Tecno, Infinix na itel zikiharibika hurekebishwa na vituo vya Carlcare, na bila ushahidi wa tarehe ya kununua waranti inaleta mabishano. Uliza pia, kwa maandishi, duka linabadilisha simu mbovu ndani ya siku ngapi, kisha usitupe boksi hadi siku hizo ziishe.

Zitumie siku hizo kufanya kile ambacho kaunta haikuruhusu. Sasisha mfumo usiku wa kwanza ukiwa kwenye Wi-Fi. Siku ya pili fanya kazi ya kutwa nzima na laini zote mbili. Usiku wa tatu, andika asilimia ya chaji unapolala, acha data imewashwa, soma tena asubuhi. Kushuka asilimia 3 hadi 5 ni sawa. Ikishuka zaidi ya 10, fungua sehemu ya betri kwenye mipangilio uone programu iliyokesha, uiondoe au uizuie, na upime tena usiku unaofuata. Kama bado inashuka hivyo bila programu yoyote kuonekana, irudishe dukani na risiti yako wakati siku za kubadilisha bado zipo.